Sanduku la Chupa Mbili

Kidoti cheusi ndicho alichokiona Salme kwanza. Kilikuwa kidogo kama punje ya pilipili manga, kimekaa kwenye pembe ya chini ya sanduku, upande wa kushoto. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wakiingia kwa vigelegele, viatu vimejaa mlangoni, huyu anaomba maji, yule anatafuta kiti, na sanduku limeinuliwa juu na Bi Ruqaiya, shangazi wa bwana harusi, Zahoro. Salme alikuwa ameketi kitandani katika chumba cha ndani, pazia limefunguliwa nusu ili mwali aone bila kuonekana sana. Alikitambua kile kidoti papo hapo.

Soko zima la Gikomba lilikuwa na fundi mmoja tu aliyetia kijiti cha mpingo pale pembeni. Wengine walipaka gundi, wakagonga misumari, kazi ikaisha. Musau alitoboa tundu, akachonga kijiti chembamba kuliko njiti ya kiberiti, akakigonga taratibu mpaka kikalala sawa na ubao. Siku moja Salme alimuuliza kwa nini anajisumbua. Aliuliza kwa ile sauti yake ya chini, ambayo watu walizoea kumwambia, "Sema tena, hatujasikia." Musau alikuwa amesikia.

"Ili ukilikuta popote," alimjibu macho yakiwa kwenye kazi, "ujue lilipita mkononi mwangu."

Sasa amelikuta nyumbani kwao, Majengo, Jumatano alasiri, siku mbili kabla ya kuolewa na mwanamume mwingine.

"Jamani sogeeni muone!" Bi Ruqaiya alilitua mezani, akajipepea kwa mtandio. "Zahoro hakutaka begi la magurudumu, hakutaka sanduku la bati. Alisema mke wangu apelekewe kitu cha fundi. Kaacha duka lake Muthurwa, kazunguka Gikomba kutwa nzima. Haya Mama Zaid, fungua mwenyewe."

Mama Zaid, mamake Salme, alifuta mikono kwa leso, akakigusa kifuniko. Juu yake palichongwa kichala cha zabibu, punje kwa punje, na majani yamejikunja pembeni kama masikio ya mbuzi.

"Zabibu!" jirani mmoja alisema.

"Matunda ya peponi hayo," Bi Ruqaiya alidakia. "Mwanangu ana maana, wallahi."

Vigelegele vikapanda tena. Salme aliuma mdomo. Alikuwepo zabibu zile zilipochongwa. Zilichongwa kwa sababu lile lilikuwa sanduku la shampeni.

Mwaka mzima na nusu, mpaka posa ya Zahoro ilipokuja, Salme alikuwa akishona bitana katika karakana ya Mzee Mwangangi. Ndiko yalikotengenezwa masanduku ya mbao ambayo mahoteli na makampuni huweka chupa za mvinyo na shampeni wanapotaka kumpa mtu heshima. Wanaume walipiga randa na msasa. Salme alikata mahameli, akajaza sponji, akashona kitanda ambamo chupa italala bila kucheza. Kazi ikiisha, Mzee Mwangangi aliweka chupa ndani, akafunga, akaliinua sanduku mpaka sikioni na kulitikisa. Likilia, lilirudi kwa Salme. Lisipolia, lilienda kwa mteja. Ya Salme hayakulia.

Nyumbani alisema ni masanduku ya zawadi. Aliacha shule darasa la sita, baba alipofariki, na hakuwa na maneno mengi ya kujitetea. Mvinyo wenyewe hakuwahi kuugusa. Wiki ya kwanza aliwekewa chupa mbili za kupimia, akawa anazishika kwa pindo la buibui kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Wanaume walicheka. Musau hakucheka. Kesho yake asubuhi Salme alikuta mezani kwake chupa mbili za mti wa jakaranda, moja nyembamba ya mvinyo, moja nene ya shampeni, zimepigwa msasa mpaka zinateleza.

"Hizi hazina kitu ndani," Musau alisema akipita. "Ni mti mtupu. Pimia hizi."

Hapo ndipo Salme alipompenda. Hakumwambia mtu, na yeye mwenyewe Musau hakumwambia.

Mama Zaid akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na mahameli ya zambarau, na katikati vitanda viwili vilivyobonyea, vipana chini, vyembamba juu, kila kimoja na shingo yake. Kimoja kimelazwa chupa ya marashi ya mawaridi. Kingine kina udi na bangili, na leso iliyokunjwa imeshindiliwa kuziba nafasi.

"Mnaona ufundi?" Bi Ruqaiya alisema. "Kila kitu na kitanda chake. Kama pacha waliolala."

Wote wakacheka kwa raha. Salme alikuwa akiangalia kitanda cha kushoto. Mishono yake kwingine ilinyooka kama ya cherehani, lakini pale, karibu na shingo, ilikwenda kombo, inapanda na kushuka kama njia ya siafu. Aliijua siku ile mishono ilipokwenda kombo. Aliijua hata saa.

Alipoinua macho alimkuta mamake naye anavitazama vile vitanda, na anavitazama kwa muda mrefu kuliko wengine. Kisha Mama Zaid akainua uso, akatazama moja kwa moja kwenye pazia.

"Mashaallah," alisema. "Zuri sana. Karibuni chai."

* * *

Wageni walipoondoka, Mama Zaid alirudisha pazia, akakaa kitandani karibu na binti yake.

"Yatoe yale marashi," alisema. "Naona haya kuyatazama mle."

Salme hakusogea, na mama akaendelea.

"Uliniambia masanduku ya zawadi."

"Ni ya zawadi, mama."

"Ya kumzawadia nani? Marehemu baba yako alibeba masinia hotelini miaka ishirini, na mashati yake nilifua mimi, na madoa ya mvinyo nilisugua mimi. Unadhani sijui chupa ile inavyolala?" Akatikisa kichwa, na kwa nukta moja kicheko kilimponyoka. "Matunda ya peponi! Ruqaiya angejua angezimia hapo mezani." Kicheko kikakatika. "Nani kalitengeneza? Yule Mkamba?"

Salme alishika upindo wa shuka.

"Nimekuuliza."

Salme aliukunja upindo ule, akaukunjua.

"Basi nimejibiwa." Mama Zaid alishusha pumzi. "Sikiliza mwanangu. Kaka yako Zaid akijua, atalipasua kwa shoka, na harusi ndio hii. Habari zako zilimfikia, ndiyo maana akaharakisha. Na Zahoro ana ubaya gani? Nitajie mmoja."

Salme hakuwa na wa kutaja. Zahoro aliuza ndoo na mabeseni ya plastiki, hakuwahi kuonekana akimfokea mtu, na baba alipofariki alikuja na watu wake kuzika, akabaki mpaka mwisho kukusanya viti. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Hapakuwa na mtu wa kumchukia.

"Ijumaa kakako atakuja hapa na mashahidi wawili, akuulize umeridhia," mama aliendelea. "Usihangaike kutafuta maneno. Nyamaza tu. Mwali hasemi ndiyo mbele ya wanaume. Akinyamaza, watu wamejua. Hata mimi nilinyamaza."

"Ulimpenda baba?"

Mama Zaid aliichukua leso iliyokuwa begani, akaikunja mara mbili, akaikunja tena.

"Nilimzoea. Miaka ishirini na miwili. Usidhani kuzoea ni kitu kidogo."

* * *

Alhamisi asubuhi Salme alitia makasi ya karakana kwenye mfuko, akasema anakwenda kurudisha amana ya watu. Kutoka Majengo mpaka Gikomba ni mwendo wa mguu. Alipita kwenye marobota ya mitumba yaliyokuwa yakikatwa kamba, wauzaji wakiita "Njoo uone, chagua kwa macho!", akakwepa mikokoteni miwili, mpaka akasikia nyundo.

"Ala!" Mzee Mwangangi aliacha kunoa. "Bibi harusi na miguu haijatiwa hina! Nilidhani tutakuona kwa picha tu."

"Nimeleta makasi, mzee."

"Makasi! Mimi nina makasi matano hapa. Sema umeleta macho." Alicheka peke yake, kisha akatazama kule nyuma na kicheko kikamwisha. Alishusha sauti. "Yuko huko. Mimi naenda kutafuta chai, na chai ya leo iko mbali."

Musau alikuwa amechuchumaa, anafunga patasi zake katika kitambaa, moja moja. Unga wa mbao ulimkaa kwenye nyusi kama kawaida. Alipomwona alisimama, halafu akawa hajui amesimama afanye nini.

"Sasa," alimsalimu.

"Salama." Salme aliweka makasi juu ya meza yake ya zamani. "Ulijua?"

Kwa muda wote waliofahamiana, ilikuwa mara ya pili tu yeye kuanza mazungumzo.

"Nilijua nini?"

"Lile sanduku."

Musau alipangusa mikono kwenye suruali.

"Alikuja Jumatatu. Mtu mpole. Akasema anataka sanduku la bibi harusi, lililo bora kuliko yote. Nikamuuliza bibi harusi wa wapi, akasema Majengo. Nikamuuliza jina, nikijifanya labda nitaliandika juu. Akakutaja wewe, na jina la baba yako."

"Ukampa lile."

"Nilikuwa na masanduku thelathini ya paini hapa, na yote mazuri. Mkono ukaenda kwa lile nililokuwa nimelificha."

"Kwa nini, Musau?"

"Nilijiambia kwamba mimi nikikosa kuingia nyumba yako, kazi yangu iingie." Akaokota patasi ya mwisho. "Hiyo ni nusu. Nisikudanganye. Nusu nyingine nilitaka ulione uumie kama mimi."

Salme alitazama chini. Maranda ya mbao yalikuwa yamejikunja miguuni pake.

"Wanasema zabibu ni matunda ya peponi," alisema.

Musau alimkazia macho, kisha akaelewa, na kicheko kikamtoka kwa nguvu, hata yeye Salme akajikuta anacheka akiwa ameziba mdomo. Walicheka kama siku zile.

"Na kwenye vitanda wameweka nini?"

"Marashi. Na udi. Vinacheza, wakashindilia leso."

"Leso!" Uso wa Musau ulionyesha uchungu wa fundi. "Sanduku langu limeshindiliwa leso!"

Kicheko kiliisha, na kilipoisha kiliwaacha mahali pabaya kuliko mwanzo.

"Ulimkubali lini?" Musau aliuliza.

"Sijamkubali."

"Kesho unaolewa."

"Bado hawajaniuliza. Wataniuliza kesho."

"Utasema nini?"

"Mwali hasemi kitu. Akiulizwa akanyamaza, ameridhia."

Musau alikuwa ameshika patasi ya mwisho. Aliiweka chini polepole.

"Rudia hapo."

"Msichana akiulizwa mambo ya ndoa akanyamaza, ndiyo amekubali. Kwetu ni hivyo. Kusema ni kukosa haya."

"Salme." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi nilikuuliza. Mwezi wa tatu, umekaa hapo hapo, unashona lile sanduku. Nilikwambia niko tayari kwenda kwa shehe wenu nikasilimu. Nilikwambia mama yangu Kavutha ameapa kwamba nikibadili dini na jina, nisimwite mama tena, na hata hilo nitalibeba. Nilikwambia nitasimama mbele ya Zaid. Sema neno moja tu, nikakwambia, nikawalete wazee. Wewe ukanyamaza. Ukashona mpaka mwisho wa uzi."

Salme alishika ukingo wa meza yake ya zamani.

Siku ile alishona mpaka mwisho wa uzi, naam, na sindano ilimchoma mara mbili, na mishono ikaenda kombo kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Alikuwa amemjibu. Alimjibu kama binti wa kwao anavyojibu, kichwa chini, mdomo umefungwa, moyo wote wazi. Alirudi nyumbani akatandika kitanda upya bila sababu. Akangoja wazee waje. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi. Hawakuja, na Musau akawa hamtazami tena machoni. Akajiambia kwamba amebadili nia, kwamba mamake amemshinda. Haya ikamzuia kuuliza. Zaid alipoleta habari za Zahoro, hakuwa na la kukataa nalo.

"Uli... ulidhani nimekukataa?" alisema.

"Kwani ningedhani nini? Mimi nimelelewa na mama ambaye ukimwomba kitu akanyamaza, toka mbio. Nilingoja wiki mbili. Nilikuwa nakuja mapema ili nikukute peke yako, labda utasema. Baadaye nikaona aibu. Nikaona namsumbua binti wa watu." Akamtazama usoni. "Sasa unaniambia ulikuwa umekubali?"

Neno lilikuwa kooni. Salme alilihisi, zima, limekaa pale kama kokwa. Alifungua mdomo.

"Hapa ndipo nilipojua nitakukuta," sauti ilisema nyuma yao.

Zaid alikuwa amesimama penye nguzo, kanzu ameikunja mkononi, jasho likimtiririka. Hakupaza sauti, na Salme alitamani angepaza.

"Kaka, nilileta makasi."

"Nimeyaona." Akamgeukia Musau. "Fundi, sikuja kupigana na wewe. Nasikia lile sanduku watu walilolisifu ni la kwako, na nimeliacha zima. Nakuomba tu kama mwanamume kwa mwanamume. Huyu ana mama, na mama hana mume. Mchele umeshaoshwa, wageni wako njiani. Usimfanye dadangu ashindwe kurudi kupitia mlango wa kwao."

"Mimi simshiki," Musau alisema. "Muulize yeye anataka nini."

"Nitamuuliza kesho, mbele ya mashahidi. Kama ana neno, atalisema."

"Wewe unajua hatasema! Ndivyo mlivyomfunza!"

"Na wewe umemjua lini kuliko sisi?"

Wote wawili wakamtazama. Salme alisimama kati yao. Akilini alimwona mamake akikunja leso. Alimwona Zahoro akikusanya viti.

"Salme," Musau alisema kwa upole. "Kesho saa nne asubuhi napanda gari kwenda Wamunyu. Baba mdogo ana kazi ya vinyago, na hapa mimi siwezi kukaa tena. Nisaidie jambo moja. Huku kunyamaza kwako kwa leo, nikusome kwa desturi ya kwenu au ya kwetu?"

Nyundo za majirani zililia. Mtu alipita na mbao kichwani akipiga mluzi. Salme alifumba macho, akayafumbua, na machozi yakaja mahali pa maneno.

Musau aliinama, akatoa chini ya meza ile chupa nene ya jakaranda, akampa Salme mkononi. Zaid alikunja uso.

"Usiogope, kaka," Musau alimwambia. "Haina kitu ndani. Ni mti mtupu."

* * *

Ijumaa saa nne asubuhi Salme alikuwa amenyoosha miguu juu ya mto, hina inakauka. Hakuruhusiwa kusimama. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake. Aliuona mkono mrefu ukifika juu, ukapita, ukaanza kushuka upande wa pili, na mwanamke aliyekuwa akimpaka hina alimwambia, "Usitetemeke mama, utaharibu ua."

Mchana, walipomwacha kidogo avae, alilifungua sanduku lililowekwa chini ya kitanda. Aliyatoa marashi. Aliutoa udi, bangili na leso. Akailaza ile chupa ya mti katika kitanda cha kushoto, chenye mishono kombo. Iliingia sawasawa. Akafunga, akaliinua mpaka sikioni na kulitikisa. Halikulia.

Alipogeuka alimkuta mamake mlangoni. Mama Zaid aliingia, akarudisha pazia. Alikuja akalichukua sanduku, akaliweka mezani pale chumbani, akamfunga binti yake kishikizo cha nyuma.

Baada ya alasiri walikuja. Zaid mbele katika kanzu nyeupe, mashahidi wawili nyuma yake, wazee wa msikiti wenye macho yaliyoinama kwa adabu. Wanawake walijibanza ukutani. Bi Ruqaiya alikuwa karibu kabisa, kifua kimejaa pumzi ya kigelegele. Mama Zaid alisimama nyuma ya binti yake, mkono begani.

"Salme binti Feruzi," Zaid alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, maana alimpenda dadake. "Zahoro bin Mbaruku yuko msikitini anangoja. Umeridhia nikuozeshe kwake?"

Salme aliinamisha kichwa. Chumba kilinyamaza, naye akanyamaza.

Mzee mmoja alihesabu pumzi mbili, tatu, akaitikia kwa kichwa. "Amenyamaza. Yatosha."

Zaid aligeuka kutoka. Bi Ruqaiya akainua kidevu.

Salme alikuwa akikiangalia kile kidoti cheusi. Gari la Musau lilikuwa limeshapita Machakos. Labda ameshashuka Wamunyu, amekaa nyumbani kwao na kikombe cha chai, na mamake anamuuliza mbona haongei. Hakuna ambaye angesukuma mlango sasa kuja kumwokoa. Kule msikitini alikaa mwanamume asiye na hatia, amevaa vizuri, na Salme akikataa, mbele yake angekuwa mtu mbaya maisha yake yote. Lile neno lisingemrudishia chochote. Lakini alijua pia kwamba akinyamaza sasa, atakuwa amempa Zahoro jibu ambalo alikwisha kumpa mtu mwingine.

"Kaka," alisema.

Ilikuwa sauti ndogo sana. Mtu mmoja tu aliisikia. Mkono wa Mama Zaid ulikuwa mzito begani kwake, ukawa mzito zaidi, vidole vikambana hata akadhani atalia. Kisha ukaondoka.

"Ngojeni," Mama Zaid alisema. "Anasema."

Zaid alirudi hatua moja. "Umesema nini?"

"Sikuridhia."

"Sema tena, hatujasikia."

Maisha yake yote walikuwa wakimwambia hivyo. Salme aliinua uso, akawatazama mashahidi machoni, akamtazama kaka yake, na sauti iliyotoka hakuitambua, lakini ilikuwa yake.

"Sikuridhia, kaka. Nisamehe. Musau, fundi wa sanduku hili, aliniuliza mwezi wa tatu kama nitakuwa mke wake, na mimi sikumjibu kwa mdomo. Sasa najibu, ingawa hanisikii." Pumzi ilimkatika, akaitafuta, akaipata. "Ndiyo. Nampenda, na jibu langu lilikuwa ndiyo."